Rada ya Ndege na Ramani za Miamba: Maswali Mnaniuliza Kila Wiki

Watu wangu, nimefanya kazi na picha za rada miaka mingi na kila wiki naulizwa maswali yale yale, mengine kwa simu usiku, mengine nikiwa kwa matatu ya Industrial Area na jirani ameona nimefungua laptopu yenye picha nyeusi na nyeupe ya milima. Nimeyakusanya hapa. Ukiona swali lako ruka moja kwa moja hapo, lakini kama wewe ni mtu anataka kutoa pesa kununua "ramani ya rada ya dhahabu", tafadhali soma lile la tatu kabla hujatuma chochote kwa M-Pesa.

1. Picha ya rada ni nini hasa? Si ni kama zile za Google?

Hapana. Kamera inangoja mwanga wa jua ugonge kitu halafu urudi. Rada inakuja na taa yake. Antena iliyofungwa chini ya ndege inatuma mawimbi ya redio, yanagonga ardhi, mengi yanatawanyika huko na machache yanarudi, na mashine inapima yamerudi na nguvu gani na yamechukua muda gani. Nguvu ndio inakuwa weupe ama weusi kwa picha, muda ndio unasema kitu kiko umbali gani. Ndio maana saa nane usiku inafanya kazi sawa tu na saa sita mchana, na mawingu hayaizuii, na kwa mtu wa miamba wa ukanda huu wetu wa ikweta hiyo ni baraka kubwa juu kuna sehemu za Aberdare na Mau unaeza kaa miezi ukingoja picha ya kawaida isiyo na wingu na usiipate.

Sasa weupe na weusi unatoka wapi? Sana sana ni mteremko, yaani upande unaoangalia ndege unang'aa na ule umeipa mgongo unafifia. Halafu kuna uso wenyewe, kama ni laini ama umejaa mawe. Maji ya ziwa yametulia ni kama kioo, wimbi linateleza linaenda zake halirudi, kwa hivyo ziwa ni jeusi, lakini lava mpya iliyojaa mawe makali inang'aa sana. Na mwisho ni unyevu: jiwe kavu lina namba ya umeme (ikiwa kubwa, wimbi linarudi na nguvu) ya kama 3 hadi 8, maji ni karibu 80, kwa hivyo udongo uliolowa unarudisha wimbi kwa nguvu kuliko ule mkavu. Picha ya asubuhi baada ya mvua na ya Februari kiangazi zinaeza kukuonyesha shamba moja kama mashamba mawili tofauti.

2. Kwa nini inaangalia kando na sio chini moja kwa moja?

Juu rada inapanga vitu kwa umbali. Ukiangalia chini kabisa, jiwe la kushoto na jiwe la kulia vyote viko umbali sawa, mwangwi unafika pamoja, mashine haijui hiki ni cha wapi. Ukiangalia upande mmoja hiyo shida inaisha. Na kuna faida nyingine ambayo ndio sisi tunaipenda: ukiangalia kando kwa pembe ya chini, milima inatupa vivuli kama jua la saa kumi na moja jioni, na vivuli ndivyo vinachora mipasuko, yaani mahali mwamba umekatika na kuhama.

Mtu aliniuliza pia mbona wanasema SLAR saa ingine SAR. SLAR ni ile ya zamani, antena ya kawaida inayoangalia kando. Shida yake ni miale inapanuka ikienda mbali. Piga hesabu, antena ya mita 5, wimbi la sentimita 3, kitu kiko kilomita 10: upana wa miale ni mita 60, na kilomita 20 ni mita 120, picha inazidi kuwa mbovu kadiri unavyoenda mbali. SAR inatumia mwendo wa ndege wenyewe, inakusanya mwangwi wa kitu kimoja kutoka sehemu nyingi za njia halafu kompyuta inauunganisha kana kwamba antena ilikuwa na urefu wa makumi ama mamia ya mita. Hapo antena ile ile ya mita 5 inaeza kufika kama mita 2.5 popote kitu kilipo. Wazo lilitoka kwa Carl Wiley wa Goodyear huko Marekani, mwaka 1951.

3. Inaona dhahabu?

Hapana, na nitakaa hapa kidogo juu hili ndilo linaniuma.

Wimbi la rada lina urefu wa sentimita. Halijui dhahabu, halijui shaba, halijui tsavorite. Dhahabu ya Migori ama Kakamega imefichwa ndani ya mishipa ya kwatzi, gramu chache kwa tani nzima ya jiwe, na hiyo mishipa iko chini ya udongo. Hakuna rada ya ndege wala ya setilaiti inaeza kukuwekea alama kwa ramani ikwambie chimba hapa.

Kuna mzee alikuja kuniona kutoka huko magharibi, amebeba karatasi kubwa imekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Yeye na wenzake wa chama waliuziwa "ramani ya rada", wakauza ng'ombe, wakatoa akiba yote. Ilikuwa na alama nyekundu kumi na kitu, na wameshachimba kwa mbili. Nilipoiangalia nilijua mara moja, ni picha ya setilaiti ya Sentinel-1 ambayo mtu yeyote anaipata bure, imepakwa rangi, na zile alama nyekundu zimewekwa pale picha inang'aa zaidi. Sasa mjue ni nini kinang'aa zaidi kwa picha ya rada: ukuta na ardhi ikikutana, bati na kona, wimbi linagonga huku linagonga kule linarudi lilikotoka kwa nguvu zote. Mzee alikuwa ameuziwa ramani ya masoko na mashule ya kata yake. Nilimwonyesha soko lao, nikamwonyesha shule ya msingi, akakaa kimya muda mrefu sana. Aliyewauzia simtaji, lakini yuko na wako wengine, na ndio sababu naandika haya yote.

Mtu akikuonyesha picha ya rada yenye alama za madini muulize swali moja tu: umejuaje? Kama jibu haliko na sampuli za mawe, maabara na mtu aliyetembea hapo na nyundo, rudi nyumbani na pesa zako.

4. Sasa kama haioni madini inatusaidia na nini?

Inaona sura ya ardhi, na sura ya ardhi inaeleza yaliyopita chini. Maji moto yaliyobeba dhahabu kitambo yalipitia mipasuko. Mvuke wa Olkaria unapanda kwa mipasuko. Maji ya kisima kwa miamba migumu ya Kitui ama Machakos yanakaa kwa nyufa. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya mwanajiolojia akipata picha ya rada ni kuchora mistari mirefu iliyonyooka, tunaiita lineamenti, mito inayokunja kona ghafla, kingo zinazoendelea kilomita nyingi, na pale mistari miwili inakatana anaweka alama ya kwenda kuangalia. Tunachora pia mikunjo ya miamba ya zamani, koni za volkano, mipaka ya lava moja na nyingine, na vitu vya duara. Duara ni muhimu, mawe ya kabonatiti kama yale ya Mrima kule Kwale, yenye niobiamu na madini adimu, mara nyingi yanajitokeza kama kilima cha duara peke yake na msitu juu yake.

Si kila mstari ni mpasuko jamani. Kuna barabara, kuna fensi, kuna laini ya stima, kuna mpaka wa ranchi. Nimeona ripoti ya mtu amechora reli akaiita mpasuko mkuu. Chukua zile ramani za zamani za jiolojia za skeli ya 1:125,000, ziko Madini House pale Machakos Road, ulinganishe kabla hujaandika kitu.

5. Hii kitu ilianzia wapi?

Jeshini, kama vitu vingi. Ilipofunguliwa kwa raia miaka ya 60, kazi kubwa ya kwanza ya ramani ilikuwa mkoa wa Darién, Panama, mwaka 1967. Huko kuna mawingu karibu mwaka mzima na hakuna mtu alikuwa amewahi kuona eneo lote kwa picha moja, ndege za picha zilikuwa zikijaribu na kurudi mikono mitupu. Rada ikapita, ikatoa picha iliyounganishwa ya kama kilomita 20,000 za mraba.

Halafu Brazili wakafanya kitu ambacho mimi bado nakiheshimu sana. Mwaka 1971 walianza mradi wa RADAM kwa Amazoni, ndege aina ya Caravelle ikiwa na rada ya wimbi la X (herufi hizi zinataja urefu wa wimbi) la kama sentimita 3, ikiruka juu ya mawingu na kupiga picha msitu ambao watu walidhani wanaujua. Baadaye waliendelea na nchi nzima, zaidi ya kilomita milioni 8.5 za mraba. Kitu kizuri ni kwamba hawakuishia kwa picha, walituma watu wa miamba, wa udongo na wa mimea kwa mashua na helikopta kwenda kuhakikisha, wakatoa ramani na ripoti vitabu kwa vitabu. Nigeria nayo ilipigwa picha ya rada nchi nzima miaka hiyo ya 70, huko lengo kubwa likiwa misitu na matumizi ya ardhi.

6. Lakini X si inaishia juu ya majani? Waliona aje miamba?

Swali zuri, huyu ni mwanafunzi najua. Kweli wimbi fupi linaishia juu ya miti. Lakini miti ya msitu mkubwa inafuata ardhi. Tandaza leso juu ya vyombo mezani, huoni sufuria, lakini unajua sufuria iko wapi na kikombe kiko wapi. Hivyo ndivyo walivyosoma Amazoni. Ukitaka kushuka chini ya majani zaidi unatumia wimbi refu, L la kama sentimita 24 ama P la kama sentimita 70. Gabon mwaka 2015 na 2016 ndege za rada za Ufaransa, za Ujerumani na za NASA zilipita juu ya msitu na mawimbi kama hayo, ingawa wao walikuwa wanapima miti yenyewe.

7. Na mchanga? Nimesikia inaona chini ya jangwa.

Ukiwa mkavu kabisa, ndio. Novemba 1981 chombo cha anga cha Marekani kilibeba rada ya wimbi L iliyoitwa SIR-A, ikapita juu ya Sahara mashariki, mpakani mwa Misri na Sudan, na chini ya mchanga uliolala tambarare kukaonekana mabonde ya mito ya kale. Watu walienda kuchimba wakahakikisha. Lakini tunaongea mita moja, mbili hivi, kwa mchanga ambao hauoni mvua miaka na miaka. Usilete hiyo hesabu Embakasi ama Athi River kwa ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, mfinyanzi ukiwa na maji kidogo tu unameza wimbi lote.

8. Maji ya Turkana yalipatikana na rada?

Rada ya setilaiti ilikuwa moja ya vitu vilivyotumika, pamoja na data zingine za jiolojia na mitetemo. Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza akiba kubwa ya maji chini ya bonde la Lotikipi, nchi nzima tukafurahi, mimi pia nilifurahi. Baadaye vipimo vikaonyesha maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kunywa. Naelewa watu wa Turkana waliumia, na nafikiri kosa halikuwa kwa picha. Picha ilisema kuna mahali maji yanaeza kukaa. Haikuwa na njia ya kuonja. Kuonja ni kazi ya kisima, na tangazo lilitangulia visima vya kutosha.

9. Ndege iruke upande gani?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mpasuko unaonekana vizuri kama rada inauangalia kwa ubavu. Ukiangaliwa kwa urefu wake unaeza kupotea kabisa kwa picha.

Mfano wa karibu ni Magadi. Ukishuka kutoka Kiserian, barabara inateremka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ni mpasuko, na ile tambarare ya mawe ya trakaiti (lava ya zamani) chini imekatwakatwa na mipasuko mingi iliyobanana inayoenda kaskazini kusini. Ndege ikiruka kaskazini kusini huku ikiangalia mashariki ama magharibi, picha inatoka mistari mistari, nyeupe nyeusi, unahesabu mipasuko na kidole. Ndege hiyo hiyo iruke mashariki magharibi ikiangalia kaskazini na nusu ya hadithi imeenda. Miamba ya zamani ya Migori haifuati mwelekeo wa Bonde la Ufa, kwa hivyo mpango wa Magadi usiuhamishe huko bila kufikiri. Kama bajeti inaruhusu ruka njia mbili tofauti. Kama hairuhusu, angalau jua ni mipasuko ya upande gani hutaiona, na uiandike kwa ripoti.

10. Mbona milima kwa picha inakaa imelala upande mmoja?

Mlima ukiwa mkali, kilele kiko karibu na ndege kuliko mguu wake, mwangwi wake unafika kwanza, kwa hivyo kinachorwa kimeinamia ndege. Upande wa nyuma nao unaeza kuwa kivuli, na kivuli cha rada ni cheusi tii, hakuna kitu ndani yake, usijaribu kukiongeza mwanga. Chukua Ngong, upande wa magharibi ni mkali umekatwa na mipasuko. Ukiipiga kutoka mashariki sehemu ya ule ukuta inaeza kupotea kivulini, ukiipiga kutoka magharibi unang'aa wote na kujikunja. Kwa nchi tambarare tumia pembe ya chini ili vivuli vionyeshe hata miinuko midogo, kwa milima mikali inua pembe usipoteze nusu ya ramani.

11. Kuna ndege ilipita chini sana kijijini kwetu ikiwa na mkia mrefu. Hiyo ni rada?

Hapana, hiyo ni ndege ya kupima usumaku wa miamba, ule mkia umebeba kipimo mbali na chuma cha ndege, na mara nyingi ndani kuna kipimo cha mionzi pia. Inaruka chini juu usumaku unafifia haraka. Ndege ya rada inaruka juu, kilomita kadhaa, pengine hutaisikia. Hizi mbili ni ndugu: usumaku unaona ndani ya ardhi kwa ukungu, rada inaona uso kwa usafi. Ukiziweka pamoja mezani ndio kazi inakuwa tamu, mstari ukionekana kwa zote mbili una sababu nzuri ya kutembea huko.

12. Na ile wanasukuma kama toroli kwa shamba?

Ni rada ya kupenya ardhi, kitu tofauti. Inagusa chini, mawimbi yake ni marefu zaidi, inafaa kutafuta mabomba, makaburi, unene wa mchanga. Kwa udongo wa mfinyanzi inaishiwa nguvu haraka sana.

13. Ndege ama setilaiti?

Kwa wengi wenu, setilaiti. Naongea ukweli juu sitaki mtu akope kulipia ndege bila sababu. Sentinel-1 inapiga picha tangu 2014, wimbi C, pikseli ya mita 10, bure. Ile ya Japani ya ALOS ilipiga wimbi L kati ya 2006 na 2011 na picha zake nyingi sasa unazipata bure. Ramani ya vimo iliyotoka kwa rada ya chombo cha Endeavour, siku 11 za Februari 2000, iko na pikseli ya mita 30 na ukiipa kivuli bandia kwa kompyuta unachagua jua litoke upande gani. Na mwaka 2025 setilaiti ya NISAR ya Marekani na India iliruka, ina wimbi L na S.

Ndege inashinda ukihitaji kuchagua mwenyewe: mwelekeo, pembe, wimbi, siku, na kuona vitu vidogo. Setilaiti inapita njia yake, haikuulizi. Kama una leseni ya uchunguzi, eneo dogo lenye msitu na mistari ya maana imeshaonekana kwa picha za bure, hapo ndege ina maana.

14. Rada inaeza kujua kama volkano inaamka?

Ukilinganisha picha mbili za mahali pamoja unaeza kupima ardhi imepanda ama kushuka sentimita ngapi, inaitwa InSAR. Watafiti walifanya hivyo kwa volkano zetu: Suswa na Menengai zilishuka sentimita 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000, Longonot ikapanda kama 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka kule Baringo ikapanda kama 21 kwa miezi tisa tu ya 2006 na 2007. Watu tulikuwa tukipanda Longonot Jumamosi na watoto na mlima unapumua chini yetu. Haimaanishi italipuka kesho. Inamaanisha iangaliwe, kila mwaka, na watu wetu wenyewe.

Na ule ufa wa Machi 2018 karibu na Suswa uliokata barabara ya Mai Mahiu na Narok, msinitumie tena ile video ati Afrika imegawanyika usiku mmoja. Mvua kubwa iliosha majivu laini ya volkano yaliyojaa mahali ardhi ilikuwa na udhaifu wa zamani. Bonde la Ufa linafunguka kweli, lakini kwa milimita kwa mwaka.

15. Mvua haiisumbui kweli?

Mawingu hapana. Mvua kubwa inasumbua mawimbi mafupi, K na X. L haijali.

16. Mimi ni mwanafunzi, nianzie wapi na sina pesa?

Pakua SNAP (programu ya kusoma picha za rada) na QGIS (ya kuchora ramani), zote bure. Chukua picha moja ya Sentinel-1 ya Magadi, moja ya njia ya kupanda (setilaiti ikienda kaskazini) na moja ya njia ya kushuka (ikienda kusini), hizo zinaangalia pande tofauti. Ondoa zile punje punje za picha ya rada kidogo tu, ukizidisha unafuta mipasuko pia. Chora mistari yako kwa kila picha bila kuangalia nyingine, halafu ziweke juu ya nyingine uone ni mistari gani iko kwa zote. Ramani ya vimo weka chini yake. Ukikwama, RCMRD pale Kasarani, kituo cha kanda cha ramani kilichoanzishwa 1975, wamefundisha watu wa kanda hii kusoma picha za angani, na Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna walimu ambao wametembea hilo bonde kwa miguu kabla hujazaliwa, waulize bila aibu.

Halafu chapisha hiyo ramani kwa karatasi, usitegemee simu juu netiweki inapotea ukishapita Olepolos, beba maji ya kutosha, dira, nyundo na mtu anayejua hiyo njia, mtoke Nairobi saa kumi na moja asubuhi. Simama kwa mstari wako wa kwanza. Angalia kama jiwe la upande huu na la upande ule vimehama.